Nani Alisema?

Usiku ule tulikuwa watu sita mezani, kwenye mkahawa mmoja hapa Nairobi, tukisherehekea kazi mpya ya rafiki yetu. Katikati ya meza palikuwa na chupa ya Muscadet, mvinyo mweupe wa Ufaransa. Binamu yangu, aliyeingia mjini siku hiyo kutoka Kisumu, alijimiminia glasi huku sahani yake imejaa mbuzi choma. Nikamwambia kwa sauti, "Wee, hiyo ni ya samaki, bana!" Meza nzima ikacheka. Akaweka glasi chini, akaniuliza polepole, "Nani alisema?"

Sikuwa na jibu. Usiku uliobaki alikunywa maji.

Swali lake halijanitoka. Wapo watakaosema hakuna aliyesema, kila mtu na ulimi wake. Hata Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790, alikubali kwamba anayesema mvinyo unapendeza anapaswa kuongeza: kwangu mimi. Na mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambapo wanafunzi 54 wa masomo ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu! Ukisikia hivyo, si utasema mambo haya yote ni mbwembwe tu?

Lakini siwezi kuishia hapo. Muscadet hutoka karibu na Nantes, pale mto Loire unapokaribia Atlantiki. Zamani wafanyabiashara wa Uholanzi walitafuta huko mvinyo mweupe wa kugeuzwa pombe kali. Baridi ya 1709 ilipoua mizabibu mingi, zabibu iitwayo Melon de Bourgogne, inayostahimili baridi, ikapandwa kwa wingi. Mvinyo wake ni mkavu, mwepesi, mchachu. Mwingine huachwa juu ya mashapo ya hamira majira yote ya baridi, ukapata unono kidogo. Na bahari ya karibu ina chaza na kome. Watu walikula walichovua, wakanywa walichokamua, wakagundua kwamba uchachu ule unakaa vizuri na chumvi ya chaza na unakata mafuta ya samaki wa kukaanga.

Kwa hivyo jibu lipo. Walisema wavuvi na wakulima, kwa kuonja na kurudia. Huo ni ujuzi wa kweli, ila ukweli wake ni wa ushauri: jaribu hivi, huenda ukafurahia. Mimi niliugeuza kuwa askari wa getini, wa kuamua nani apite. Na kusema kweli, nilikuwa nimeusoma kwenye simu wiki mbili tu kabla. Ndivyo tulivyo wengi hapa mjini: tulichojifunza jana, leo tunamcheka atakayejifunza kesho.

Kujua si kosa. Kunyamaza pia kungekuwa uchoyo, maana kitu kizuri huambizana. Lakini mtu anayetaka ufurahie chakula hukunong'oneza. Anayetaka kuonekana anajua hupaza sauti. Mimi nilipaza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wangu alikuja, nikamjeruhi mbele za watu kwa sababu ya glasi moja.

Wiki jana nilimpigia simu nikamwomba msamaha. Halafu nikamweleza habari za chaza na uchachu. Akacheka sana. "Sasa si hiyo ni kazi ya ndimu tu? Kwetu samaki bila ndimu anakula nani?"

Kumbe jambo lenyewe alilijua tangu utotoni. Alichokosa ni jina la chupa.

Nimenunua Muscadet nyingine, iko kwa friji. Akija tutakula samaki, na ndimu atakamua yeye. Na akitaka mbuzi, nitammiminia bila neno.