Kolelo hana sinema

Kuna kicheko kinaniudhi tangu Jumanne. Nilikuwa kwa kinyozi hapa Kihonda nikisubiri zamu. Vijana wameinamia simu moja, wanatazama habari za Mothman, lile jitu la Marekani lenye mabawa na macho mekundu. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza, tena kwa dhati, kama linaweza kuvuka bahari. Ndipo mzee mmoja wa Matombo akachomekea: "Wajukuu zangu, mbona hata milimani kwetu yupo Kolelo?" Walicheka mpaka kinyozi akazima mashine. "Babu, hayo ya kizamani hayo!"

Ya kizamani kuliko yapi? Mothman alianza kusimuliwa Novemba 1966, katika mji mdogo wa Point Pleasant, West Virginia, na watu waliosema walimwona karibu na maghala ya zamani ya baruti. Tarehe 15 Desemba 1967 daraja la Silver Bridge, juu ya mto Ohio, likaanguka na kuua watu 46. Uchunguzi ulikuta chuma kimoja cha mnyororo wa daraja kilikuwa na ufa. Lakini aliyefiwa huwezi kumpa ufa akatulia. Watu wakaunganisha jitu na msiba: kumbe lilikuja kutuonya! Mwaka 2002 Richard Gere akaigiza katika sinema ya jitu hilo, 2003 likasimamishiwa sanamu mjini, na kila mwaka lina tamasha. Sijasikia mtu akiwaita wale washamba.

Kolelo hana sinema. Masimulizi yanamweka pangoni, ng'ambo ya pili ya hii milima ya Uluguru tunayoamka nayo kila siku, katika umbo la joka kubwa. Kwake watu waliomba mvua na mazao. Na si Waluguru peke yao. Wazaramo nao walipanda huko na sadaka zao. Mwaka 1905 Wajerumani wanadai kodi, wanalazimisha watu kulima pamba, na maneno yakashuka kutoka pangoni. Yaliandikwa na mmisionari wa Kijerumani, Martin Klamroth, aliyekaa Uzaramo. Kolelo anakataza kulipa kodi kwa wageni. Bunduki za askari zitatoa maji badala ya risasi. Gharika itakuja, ardhi itafunguka iwameze wageni hao.

Soma tena hilo la kwanza. Joka linazungumzia kodi! Hapa ndipo ninapogombana na wanaouliza tu, "Yupo au hayupo?" Mkulima wa 1905 hakuwa na gazeti wala mbunge wa kumpelekea malalamiko, na akisema kwa jina lake anachapwa viboko. Akisema Kolelo, nani atamchapa joka?

Najua shangazi yangu akisoma hapa atapiga simu. "Unataka watoto wafundishwe mashetani?" Hapana, shangazi. Sijamwambia mtu apeleke kuku pangoni. Tena atakuwepo msomaji mkali zaidi atakayenikumbusha kwamba risasi hazikugeuka maji, kwamba vita vya Maji Maji vilivyozuka mwaka huo viliua watu kwa maelfu, na njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko bunduki. Kweli tupu. Na nimwongezee: mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mitatu ya chama kimoja, zimwi Popobawa alizuka Pemba, hofu ikavuka hadi Unguja, na huko umati ukamuua mtu aliyekuwa na maradhi ya akili wakidhani ndiye. Mazimwi si mchezo.

Ila tazama kilichowakuta wote wawili. Popobawa tulimfanya mzaha, akaingia kwenye vichekesho. Hofu ya mwaka ule, nani atamfanya nini jirani yake baada ya kura, haikukaliwa kikao. Kolelo tulimwonea haya, kanisa likamkataza, msikiti ukamkataza, shule ikampita kimya. Kicheko cha kwa kinyozi kimetoka hapo. Wale vijana si wajinga. Maji Maji wameisoma darasani, na mganga wake, Kinjikitile wa Ngarambe, wanamtaja bila kusita. Hakuna aliyewaambia kwamba kabla ya kwenda mbali hivyo, kuna sehemu ya habari hiyo ilianzia Uluguru, kwa bibi zao wenyewe.

Mimi sanamu siitaki, wala tamasha. Tukianza tamasha tutaishia kuuza soda na fulana. Ninachotaka ni kidogo na hakigharimu serikali senti. Mwalimu wa historia wa Kihonda akifika kwenye Maji Maji, awatoe wanafunzi nje ya darasa, awaonyeshe milima, aanzie hapo. Na atakayecheka apewe kazi ya nyumbani: akamuulize bibi yake.