Shamba la Anathothi

Tangu kazi iishe mwezi wa tatu nimekuwa nikijiuliza: mtu akikiri tumaini na moyoni hasikii chochote, si huo ni unafiki?

Juzi nikasoma Yeremia 32. Jeshi la Babeli limezingira Yerusalemu, nabii mwenyewe amefungwa, na bado ananunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Tena anajua mji utaanguka! Anapima pesa, anatia sahihi mbele ya mashahidi, hati inahifadhiwa katika chombo cha udongo. Baada ya hapo ndipo anaomba, na ombi lenyewe limejaa mshangao.

Kumbe alilipa kabla ya kuelewa.

Jumatatu nililipa nusu ya karo ya binti yangu. Ile nusu nyingine bado sijui itatoka wapi.