Mzigo wa Kukumbuka

Mume mwenye nia njema, awe wa Mwanjelwa, Mbeya, au wa Kihesa, Iringa, ana kauli yake: "Mama Neema, wewe niambie tu, mimi nitafanya." Na kweli anafanya. Akitumwa gesi analeta, akiambiwa ada analipa. Ila wa kujua kwamba gesi inakaribia kuisha, kwamba mtoto ana kliniki Alhamisi, kwamba baridi ya Juni inabisha hodi na sweta la mwaka jana halimtoshi, bado ni mmoja. Mikono imekuwa minne, kichwa kimebaki kile kile.

Wapo wanaosema ni maumbile. Sikubali. Mume huyo huyo, akiwa na ekari zake za mahindi Kilolo, anajua bila kuambiwa imebaki mifuko mingapi ya mbolea ya kupandia, na lini aanze kutafuta ya kukuzia. Hapigiwi simu kukumbushwa palizi. Anakumbuka kwa sababu shamba likiharibika ataulizwa yeye. Kumbukumbu hufuata lawama. Mtoto akifika shule na sare iliyochanika, wanaulizana mama yake ni nani.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Ilikuwa hatua kubwa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo. Lakini kupika na kufua kunaonekana. Kukumbuka huonekana siku kulipokosekana tu, na sijui hakimu ataletewa ushahidi gani wa mambo ambayo hayakuharibika.

Kuugawa mzigo huu, basi, ni kukabidhi eneo zima, pamoja na haki ya kukosea. Hapa wake nao wana lao. Anayeshika kumbukumbu ya nyumba ameshika usukani, na si kila mtu yuko tayari kuuachia. Mambo ya shule yakishakuwa ya baba, mama asikague madaftari kwa siri. Umeme wa Luku ukiisha saa tatu usiku kwa sababu mwenye jukumu alisahau, wakae gizani wote wawili, pasiwe na mhadhara.

Chukua watumishi wawili wa serikali, mume kituo chake Mbeya, mke Iringa, zaidi ya kilomita 300 za barabara kati yao. Upo uhamisho wa kumfuata mwenza, na mazoea yetu hayaulizi nani amfuate nani. Tuseme huyu mke hakufuata. Amejiandikisha shahada ya uzamili Iringa, watoto wamebaki na baba, na baba kachangia hata ada. Kama kila akifungua kitabu simu inaita, "Dawa ya kikohozi uliiweka wapi?", amepewa ruhusa ya kusoma. Nafasi ya kusoma hajapewa.

Wenye uwezo humaliza ubishi kwa kuleta dada wa kazi. Mikono inapatikana, japo mama ataendelea kupiga simu kutoka ofisini kuuliza kama mtoto amekula. Dar es Salaam wanawachukua mabinti hao Iringa toka zamani, na sijasikia wengi wakiulizwa, siku ya kupanda basi, wao walitaka kusomea nini.