Je, Kuuguza Ulichokiumiza ni Huruma au ni Deni?

Mtu wa bara asiyepata kuiona bahari aweza kudhani kwamba tumbawe ni jiwe. Hata watu wa Lamu na Unguja, waliojenga nyumba zao za zamani kwa matumbawe, waliyachonga kama mawe. Lakini tumbawe likiwa hai majini ni wanyama: wanyama wadogo wengi walioshikamana, kila mmoja ana mdomo na minyiri midogo ya kukamatia chakula, na chini yao hujijengea mfupa mweupe wa chokaa. Tena ndani ya nyama yao hukaa mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hujipatia chakula kwa mwanga wa jua, nayo humgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Yeye huipa makao.

Wakaao kando ya Ziwa Tanganyika hawataona miamba ya namna hii, maana haijengwi katika maji matamu. Hata pwani fupi ya Kongo, kule Moanda, haina, kwa kuwa mto mkubwa humwaga pale maji matamu na matope. Lakini samaki wadogo wenye rangi wa Tanganyika na matumbawe ya bahari wamepatwa na jambo moja: huvuliwa, hutiwa katika mifuko ya maji, hupelekwa Ulaya na Marekani kwa ndege, wakaishi katika masanduku ya kioo nyumbani mwa watu, ili kupendeza macho.

Basi, afikiriwe mtu mmoja wa Ubelgiji mwenye sanduku la namna hiyo, na ndani yake tumbawe lililotolewa katika bahari ya Indonesia. Nchi yake ni ya baridi, kwa hiyo maji hupashwa moto kwa chombo cha umeme, yakae kwenye digrii 25 au 26. Chombo kilianza kusumbua. Mwenyewe alikiona, akasema: Kesho. Usiku mmoja kikakataa kuzimika, maji yakafika digrii 32. Tumbawe likaitoa mimea yake na kuwa jeupe, na upande mmoja nyama ikajivuta, mfupa ukabaki wazi.

Wengi wangelitupa. Kumbe tumbawe jeupe si lazima limekufa. Mara nyingi lina njaa tu, kwa kuwa mlishaji wake ameondoka. Mtu yule akapunguza mwanga wa taa, maana mwanga mkali humwumiza aliye dhaifu. Akakata kwa msumeno mdogo sehemu iliyokufa, akaliosha tumbawe dakika chache katika maji ya bahari yenye iodini kidogo. Kila juma akabadili sehemu moja ya kumi ya maji, akipima chumvi, gramu 35 hivi kwa lita. Usiku minyiri ilipotoka, alizima pampu, akadondosha vipande vya kamba wadogo kama punje za unga. Kisha akajizuia kuligusa. Na hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Baada ya majuma mengi rangi ya kahawia ikaanza kurudi, na nyama ikatambaa juu ya mfupa, polepole mno.

Jirani akamwuliza: "Ndugu, taabu hii yote kwa kitu kisichokujua? Mtaani hakuna wagonjwa?" Neno hilo ni zito, wala lisidharauliwe. Kama angemwacha mama yake hospitalini bila kumtazama, akikaa kulisha tumbawe, angekuwa na kosa kubwa. Lakini alikuwa akimwangalia mama yake pia. Ndipo jirani akageuza maneno, akamsifu: "Kweli una huruma." Na sifa hiyo ina udanganyifu kuliko lile lawama.

Mwenye huruma ni mpita njia aliyemkuta kiumbe ameumia, naye hakumwumiza. Lakini aliyeazima mbuzi wa mwenzake, akamfunga juani mchana kutwa, je, jioni akimletea maji, asifiwe? Baharini tumbawe halikumhitaji mtu yeyote. Chumvi, joto, chakula, vyote lilivikuta bila kupimiwa. Mtu yule alipoliweka nyuma ya kioo alijifanya kuwa bahari yake, na bahari haisemi: Kesho.

Atajitetea: "Mimi nilinunua tu. Aliyelikata ni mzamiaji wa mbali." Ni kweli, na mzamiaji huyo ana watoto wa kulisha. Lakini ni fedha ya mnunuzi iliyomtuma majini. Deni likipita katika mikono mingi, mkono wa mwisho hausafiki kwa sababu hiyo.

Basi alirudishe baharini? Hapana. Wajuzi wanakataza, maana maji ya masanduku huchanganya viumbe vya bahari mbalimbali, na magonjwa huweza kwenda pamoja navyo. Tena bahari yenyewe inaugua ugonjwa uleule. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi yakafa, toka Kenya na Tanzania hadi Shelisheli. Mwaka 2016 mwamba mkubwa wa Australia uliumia vibaya. Joto hilo limezidishwa na moshi wa viwanda na mitambo ya nchi nyingi, na huko hakuna mtu mmoja wa kuamshwa usingizini akazime chombo.

Mtu yule amenunua chombo kipya na kipimajoto cha pili. Tumbawe lake limejaa nyama, isipokuwa mahali padogo kama punje ya hindi, palipobaki peupe na kuota mwani. Jumamosi jioni huchukua ndoo, akapima chumvi, akabadili maji. Jirani huja kutazama, wala hamsifu tena.