Umri wa Simba

Kanuni za uwindaji wa kitalii za mwaka 2010 zilikataza kupigwa simba dume asiyetimiza miaka 6. Sababu yake ni ya haki: dume akiondolewa mapema, madume wageni huliteka kundi lake na kuwaua watoto aliowaacha. Lakini simba hana cheti cha kuzaliwa. Mwindaji aliye Selous, pande za Liwale na Kilwa, hutazama manyoya ya shingo, ambayo hudanganya, na pua, ambayo huanza na uwaridi na kuingia weusi kadiri miaka ipitavyo. Alama hiyo ilipendekezwa na watafiti mwaka 2004. Meno husema wazi zaidi, ila husema baada ya risasi.

Wapo wanaonung'unika kwamba mtu huadhibiwa kwa kukosea makadirio tu. Nung'uniko hilo ni jepesi. Mwenye shaka aweza kuteremsha bunduki. Kinachomhimiza kufyatua ni ada aliyokwisha kulipa na siku zinazomwishia, wala si upungufu wa elimu.

Uzito uko kwingine. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini, wengi wao kusini, baadhi wakiwa mashambani wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Mkulima wa Lindi aliye dunguni usiku haulizi rangi ya pua, na nani atamlaumu? Simba aliyeachwa akomae hukomaa jirani na dungu hilo.