Mfalme Aliyeficha Imani Yake: Je, Toba ya Dakika za Mwisho ni Haki?



Leo tuanze na picha. Katika hazina ya picha za kifalme huko Uingereza ipo picha moja kubwa ya rangi za mafuta, karibu mita 3 kwenda juu. John Michael Wright aliichora miaka ya 1670. Aliyechorwa ni Mfalme Charles II, ameketi kwenye kiti cha enzi, anakutazama usoni moja kwa moja. Kichwani ana taji la dhahabu, mkono mmoja umeshika fimbo ya kifalme, mwingine tufe lenye msalaba juu yake. Ndiyo sanaa ya Baroko hiyo: kila kitu kikubwa, kila kitu kinang'aa.

Sasa angalia nyuma yake. Ukutani kuna pazia zito lililofumwa picha ya hukumu ya Solomoni, yule mfalme aliyemwokoa mtoto asiye na hatia (1 Fal 3:16-28). Iweke hiyo akilini.

Kuna jambo picha haisemi. Mwaka 1670, katika mkataba wa siri na mfalme wa Ufaransa, Charles aliahidi kwamba atajitangaza kuwa Mkatoliki. Hakujitangaza. Uingereza ilikuwa ya Kiprotestanti, na sheria ya 1673 ikawafungia Wakatoliki milango ya kazi za serikali. Mfalme akaona bora anyamaze.

Mwaka 1678 mtu mmoja aitwaye Titus Oates akazusha kwamba Wakatoliki wamepanga kumuua mfalme. Charles mwenyewe alimhoji Oates na kumkamata akidanganya. Hata hivyo watu wasio na hatia walianza kunyongwa, mapadre kwa walei. Tarehe 1 Julai 1681 ikawa zamu ya Oliver Plunkett, Askofu Mkuu wa Armagh, Ireland. Kabla ya kufa aliwasamehe waliomshitaki kwa uongo. Mfalme alikuwa na mamlaka ya kumwokoa, lakini hakuthubutu.

Haijapita hata miaka minne, Februari 1685, Charles naye yuko kitandani anakufa. Ndugu yake James akamwingiza padre kwa siri. Alikuwa John Huddleston, Mbenediktini aliyesaidia kumficha Charles mwaka 1651 alipokuwa akisakwa na askari wa Bunge. Mfalme akaungama, akapokelewa katika Kanisa Katoliki, akapewa Mpako Mtakatifu na Komunyo. Kesho yake akafariki.

Tuseme ukweli: inauma kidogo, si ndiyo? Mmoja alikufa kwa kitanzi kwa ajili ya imani. Mwingine alikula maisha, akawa na watoto wengi nje ya ndoa, kisha akaingia mlangoni dakika za mwisho. Hiyo ni haki?

Kanisa linatujibu bila kuzungukazunguka: huruma ni zawadi ya Mungu, na Mungu haombi ruhusa yetu kuigawa. Wafanyakazi wa saa ya mwisho walilipwa sawa na wa asubuhi (Mt 20:1-16). Mhalifu msalabani aliahidiwa paradiso (Lk 23:39-43). Kwa hiyo tusimwonee wivu Charles. Tumwombee.

Ila huruma hairudishi saa nyuma. Maungamo ya 1685 hayakumfufua Oliver Plunkett. Kanisa linafundisha kwamba dhambi husamehewa, lakini madhara yake bado yanadai kurekebishwa, na mengine hayarekebishiki tena hapa duniani. Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa aliyengoja alikuwa mfalme, walioumia ni wengine.

Kuna atakayesema: "Jamani, mwelewe! Baba yake alikatwa kichwa mwaka 1649. Alikuwa anajilinda." Ni hoja nzito. Na kweli, hatulazimishwi kutangaza imani yetu kwa kila mtu kila saa. Hata Nikodemo alimwendea Yesu usiku (Yn 3:1-2). Lakini Yesu alipokuwa anahukumiwa bila kusikilizwa, Nikodemo alifungua mdomo (Yn 7:50-51). Alipokufa, alikuja na manukato kumzika (Yn 19:39). Hapo ndipo penye mpaka. Ukimya wako unaweza kuwa busara maadamu gharama yake unailipa wewe. Ukianza kulipwa na mtu asiye na hatia, umekuwa kitu kingine.

Kwa hiyo tukijiuliza, "Je, naweza kutubu baadaye?", jibu ni ndiyo, kama utaipata hiyo baadaye. Tujiulize pia: wakati mimi nangoja, nani analipa? Mwenzako anachafuliwa jina kwenye grupu la WhatsApp, ukweli unaujua, umekaa kimya. Binti ana mimba yako, wewe unasubiri mambo yatulie. Kazini kuna aliyesingiziwa wizi, na risiti unayo wewe.

Charles alikuwa na Solomoni mgongoni kwake kwenye picha. Oliver Plunkett, aliyetangazwa Mtakatifu mwaka 1975, alihitaji Solomoni aliye hai.

Tuombe: Ee Bwana, asante kwa kuwa mlango wako hufungwi mapema. Tupe ujasiri wa kuingia leo, kabla mwingine hajaumia kwa kukawia kwetu. Amina.

Mtakatifu Oliver Plunkett, utuombee.