Mlango Usiofungwa

Wema una kipimo? Swali hili hunirudia kila nikimkumbuka Paul Verryn, mchungaji wa Kimethodisti wa Johannesburg. Kanisa lake la katikati ya jiji liliwapokea wakimbizi kutoka Zimbabwe. Januari 2008 polisi walilivamia usiku. Mei mwaka huohuo wageni wakashambuliwa mitaani, na watu wakazidi kumiminika. Walilala kwa maelfu: kwenye ngazi, kwenye korido, sakafuni. Majirani walilalamika uchafu na uhalifu. Yeye hakufunga mlango.

Jamani, tuwe wakweli: si kila aliyelalamika alikuwa na roho mbaya. Jengo lile halikujengwa liwe bweni, na msongamano una hatari zake, hasa kwa watoto. Ila anayesema “wamejaa mno” inabidi aseme pia: sasa waende wapi?

Mwaka jana nilimwambia mtoto wa mjomba kwamba kwangu hapatoshi. Palitosha. Nilichopima ni usumbufu wangu tu. Basi labda wema una kipimo kweli, lakini wengi wetu tunasema kimefika wakati nafasi ya mkeka bado ipo.